Kizuri Hakijiuzi

Jamani, methali nyingine zilitungwa na wenye maduka. Eti "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza". Wapi! Mimi ni mpiga kinanda, nimebadili jinsia, na methali hiyo nimeambiwa hadi masikio yamechoka. Piga vizuri tu, pesa zitakuja zenyewe, hakuna atakayeuliza wewe ni bwana au bibi.

Haya, tumtazame Beverly Glenn-Copeland. Mwaka 1986, huko Kanada, alirekodi kanda ya Keyboard Fantasies kwa kinanda cha Yamaha DX7 na mashine ya ngoma. Akatoa nakala kama 200. Zilizouzwa ni chache mno. Riziki aliitafutia kwenye vipindi vya watoto vya televisheni. Mwaka 2002 akajitangaza kuwa mwanamume. Ilipofika 2015, mkusanyaji wa santuri kutoka Japani akamwandikia kuulizia nakala zilizobaki. Mzee alishapita miaka 70! Muziki ulikuwa uleule. Ila sasa kuna mtu aliyeutembeza. Tena korona ilipofuta ziara zake mwaka 2020, yeye na mkewe walikaribia kukosa pa kulala, ikabidi watu wawachangie. Mwaka huohuo kanda ileile ikapewa tuzo. Tuzo mkono huu, kibakuli mkono ule.

Wengine watasema: basi jifiche, upige kazi. Billy Tipton alijificha. Huyu alikuwa mpiga piano wa jazi Marekani, akaishi kama mwanamume kwa zaidi ya miaka 50. Alifariki Spokane mwaka 1989, maskini, kwa kidonda cha tumbo, maana hakutaka daktari amguse. Sasa hiyo ndiyo kazi ya kumshauri mtu?

Huku kwetu promota ananiambia: "Njoo upige, tutakupa jina." Jina ninalo, bwana, nimelichagua mwenyewe! Nikitoka klabu saa tisa usiku siwezi kuparamia matatu kama wenzangu, nikitambuliwa, nimekwisha. Teksi inakula nusu ya ujira. Mwenye nyumba akishtuka, nahama, na kuhama ni gharama. Kwa hiyo nataka nusu ya malipo kabla ya kupanda jukwaani, nusu kabla ya kufungua vyombo. Nataka na karatasi inayosema nilichorekodi ni mali ya nani. Mkiniita mlafi, sawa.

Na nyinyi waandishi wenzangu, ninyi ndio mnaniudhi zaidi. Mnakuja na kalamu kuuliza habari za mwili wangu, kurasa mbili nzima, muziki hamuugusi. Siku nyingine ulizeni nililipwa ngapi, lini, na nani alibaki na chenji. Mwandike majibu hayo, na mlangoni mlipe kiingilio kama watu wengine.