Msiilaumu Raspberry Pi, laumuni memori kadi!

Leo sina stori za bumu wala foleni ya kantini. Nina ugomvi na usemi ninaousikia sana humu kampasi: eti "Raspberry Pi ni kitu cha kuchezea, ukiipeleka kijijini inakufa." Jamani! Mi nasema kinachokufa mara nyingi sio Pi, ni memori kadi.

Kule Karatu, shirika la Powering Potential lilipeleka mashuleni Raspberry Pi za umeme wa jua, zikiwa na maktaba ya RACHEL ambayo mwanafunzi anaisoma bila intaneti. Kwa hiyo kazi ya shule inaiweza. Sisi wa Tarime na Serengeti nasi tunazitaka, Sirari, Nyamongo mpaka Mugumu. Swali ni moja tu: mfumo mzima utakaa wapi?

Kwa kawaida unakaa kwenye kikadi cha ukubwa wa ukucha, kile kile cha kuwekea nyimbo kwenye simu. Kadi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya picha na nyimbo, sio kuandikwa-andikwa na mfumo usiku na mchana. Zinachoka. Halafu umeme ukatike katikati ya kuandika, faili zinavurugika, asubuhi mashine haiwaki. Mwalimu wa Mugumu afanyeje? Amlipie fundi nauli kutoka Musoma? Wapi! Mashine inaishia kabatini, watoto wanarudi kugombea kitabu kimoja dawati zima.

Dawa ipo. Tangu 2020, Pi 4 inaweza kuwaka kutoka kwenye diski ya SSD iliyochomekwa USB, bila kadi kabisa. Pi 5, iliyotoka 2023, inapokea hata SSD za NVMe kwa kuongezewa kibao. Kwa Pi 4, sasisha mfumo kwanza, chomeka SSD kwenye tundu la bluu, fungua SD Card Copier, nakili, zima, chomoa kadi, washa. Basi! Ila chaja iwe ya kweli: Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, Pi 5 ampea 5. Hizi chaja za simu za mtaani mziache.

Najua mtasema SSD ni ghali na inakula umeme zaidi. Sikatai. Tena haizuii umeme kukatika, betri bado inatakiwa. Lakini inavumilia kuandikwa kuliko kadi, na ina kasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo wafadhili, na sisi wanachuo tunaopenda kupiga picha za makabidhiano: SSD iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Kama hela haitoshi seva tano, pelekeni tatu zitakazodumu. Kumpa mtoto maktaba ya miezi michache halafu ukamlaumu mwalimu wake, huo sio msaada.

Nawasilisha. Wana wa Mara, mnasemaje?