Nani Aliutunga?

Kwetu Buterere kuna wimbo mmoja wa Komunyo ambao watu huuimba wamefumba macho. Nilimwuliza mwimbishaji: nani aliutunga? Akajibu, "Ni wimbo wa kanisa." Nyuma yake, kwenye benchi la besi, alikuwa ameketi mzee aliyeutunga. Mwimbishaji alijua, nami nilijua, kwa maana ndiye aliyetufundisha sauti zote nne kwa mdomo, bila karatasi. Mzee hakusema neno.

Ninaandika kulipinga jibu lile.

Tazameni Missa Luba. Mwaka 1958 waimbaji wa Kamina, huko Katanga, waliimba misa ya Kilatini kwa nyimbo za kwao: Kyrie kwa mtindo wa kasala, Sanctus kwa wimbo wa kuagana. Mengi waliyabuni wenyewe papo hapo. Mwaka huo huo wakaizunguka Ulaya, na santuri zikafuata. Leo jina linalotajwa ni la Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Simnyimi sifa yake. Yeye ndiye aliyeiunda kwaya. Lakini waliobuni wanaitwa "Waluba" tu, kana kwamba kabila zima lilifungua kinywa kimoja.

Mwingereza John Dunstaple alifariki mwaka 1453. Katika karne ya 16, wakati wa mageuzi ya dini, vitabu vingi vya muziki wa kanisa viliharibiwa kwao. Mbona yeye tunamjua? Kwa sababu wanakili wa Italia walizinakili kazi zake na kuliandika jina lake. Wenzake wasioandikwa wamebaki "mtunzi hajulikani". Na Joseph Kyagambiddwa wa Uganda, ambaye oratorio yake ya Mashahidi iliimbwa Roma mwaka 1964, anajulikana kwa kuwa kazi yake ina jina lake.

Wapo watakaosema wimbo wa Mungu haudai jina, kutaja mtunzi ni majivuno. Basi futeni kwanza jina la Daudi juu ya Zaburi! Futeni na majina ya Wazungu katika vitabu vya noti tunavyotoa fotokopi. Unyenyekevu gani huu unaodaiwa kwa mzee wa Buterere peke yake?

Wengine watasema sauti hizo ni za asili, ni mali ya wote. Udongo pia ni wa wote, lakini chungu kina mfinyanzi.

Walimu wetu, tutumeni tukakusanye majina haya wazee wakiwa bado hai. Wanafunzi wenzangu, daftari moja linatosha: wimbo, mtunzi, mwaka. Mimi nimeanza. Jumapili ijayo kila karatasi ya wimbo ule itakuwa na jina la mzee juu yake, kwa herufi kubwa. Mwimbishaji akitaka kulifuta, na alifute mbele ya mwenyewe.