Barua ya wazi kwa AfricaMuseum: njia ya kufika nayo ni maonyesho

Kwa Mkurugenzi na Baraza la Uongozi,
Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati (AfricaMuseum),
Tervuren, Ubelgiji

Nakala: Wizara ya Utamaduni, Sanaa na Urithi, Kinshasa

Bukavu, Kivu Kusini

Waheshimiwa,

Kwa mkazi wa Brussels, kuja kwenu ni shughuli ya asubuhi moja. Anashuka ngazi za Gare Centrale, anapanda metro namba 1, anapita Parc, Arts-Loi, Maelbeek, Schuman na Merode, kisha anateremka Montgomery. Palepale chini ya ardhi tramu namba 44 inamngoja. Inapanda hadi kwenye barabara ya Tervuren, inapita kando ya msitu wa Soignes, na kumshusha karibu na mlango wenu. Na tangu mlipofungua upya Desemba 2018, mgeni huyo anateremka tena chini ya ardhi, katika ujia unaounganisha jengo jipya na la zamani, mlimolazwa mtumbwi wa mita 22 na nusu uliochongwa Ubundu, ule uliombeba Mfalme Leopold wa Tatu mwaka 1957. Ninawaandikia kuhusu safari hiyo. Hoja yangu ni kwamba njia ya kufika kwenye maonyesho ni sehemu ya maonyesho yenyewe, na taasisi inayojiita ya umma inawajibika kwa njia hiyo kama inavyowajibika kwa kabati zake za vioo. Kanuni hii mnaijua tangu mwanzo wenu, ila mmeitimiza upande mmoja tu.

Reli ile ya tramu haikuota yenyewe. Mwaka 1897 Brussels iliandaa Maonyesho ya Kimataifa katika bustani ya Cinquantenaire, lakini Mfalme Leopold wa Pili alitaka sehemu ya Kongo iwekwe Tervuren, nje ya mji, kama kilomita kumi kutoka hapo. Alitaka kuwashawishi Wabelgiji wapende koloni ambalo wengi wao hawakulitaka, na alielewa kwamba maonyesho yasiyofikika hayamshawishi mtu. Ikapasuliwa barabara pana kutoka mjini hadi Tervuren, na tramu ikawekwa ili wafike pia wasiokuwa na farasi wala gari. Katika majira yale ya joto walifika watu zaidi ya milioni moja. Mwaka uliofuata maonyesho ya muda yakageuzwa makumbusho ya kudumu, na mwaka 1910 likafunguliwa jengo lililosanifiwa na Charles Girault. Zingatieni mpangilio wa mambo hayo. Hakuna aliyesema kwamba vitu viwekwe kwanza na mwenye hamu atajua mwenyewe namna ya kuvifikia. Vitu na reli vilipangwa pamoja, kwa bajeti na kwa nia moja.

Wakongomani nao waliandaliwa usafiri, lakini wa namna nyingine. Mwaka huohuo wa 1897 watu 267 walivushwa bahari kwa meli, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ndani ya bustani ya Tervuren ili umati uliofika kwa tramu uwatazame. Saba walikufa, na makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa la mji wenu. Mwaka 1958, katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels, Wakongomani walilazwa tena Tervuren na kusafirishwa kwa basi hadi uwanja wa Heysel. Mafundi waliowekwa katika kijiji cha maonyesho waliondoka kabla ya wakati kwa sababu ya matusi ya watazamaji. Kwa hiyo, kila Mkongomani alipohitajika awe kitu cha kutazamwa, usafiri ulipatikana. Alipotaka kuwa mtazamaji ndipo njia ilipokuwa nyembamba. Mmeyaandika mengi kuhusu ukurasa huo wa historia yenu, na hilo ni jema. Lakini historia hiyo haimalizwi na maandishi ya ukutani, maana usawa huo uliovunjika upo bado katika ramani ya safari.

Tazameni safari hiyo ikianzia huku. Mtu wa Kadutu au Bagira, mitaa ya Bukavu, anayetaka kuona kwa macho yake vitu vilivyotoka Mwenga au Shabunda anahitaji kwanza viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na hazirudishwi akinyimwa. Ombi hilo na alama za vidole vinapelekwa Kinshasa, kama kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege, wala hakuna barabara ya kuaminika ya kumtoa Bukavu mpaka huko. Alikuwa akitegemea uwanja wa Kavumu, na tangu mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 Februari 2025, mlango huo nao ulifungwa. Baada ya hapo zimebaki zaidi ya kilomita 6,000 hadi Brussels. Najua kwamba viza si kazi yenu, na simwombi mtu yeyote wa makumbusho agonge mihuri ya ubalozi. Nataja safari hii kwa sababu inaonyesha ni umma gani umefunguliwa milango, na ni umma gani unaotajwa tu kwenye hotuba za ufunguzi.

Hasara si ya huku peke yake. Chukueni vinyago vidogo na sanamu za pembe za ndovu za Warega. Havikutengenezwa vitazamwe kimya nyuma ya kioo. Vilikuwa mali ya Bwami, chama chenye madaraja, na kila kimoja kilitolewa mbele ya wanachama pamoja na methali, nyimbo na ngoma zilizokipa maana. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Bwami mwaka 1948, lakini kumbukumbu haikufutika kwa amri ile. Wazee wenye kuelewa vitu hivyo wako Mwenga, Shabunda na Pangi, na wajukuu wao wako Bukavu. Ninyi mna kitu, sisi tuna maneno yake, na kati yetu hakuna njia. Lebo inayosema "Lega, karne ya 19 au 20" pamoja na jina la Mzungu aliyekikusanya ndiyo matokeo ya kukosekana kwa njia hiyo. Kila mwaka unaopita bila kuifungua, wanaojua wanapungua, na lebo hiyo inakuwa vigumu zaidi kuirekebisha.

Mtasema, pengine, kwamba jibu limekwishapatikana, nalo ni kurudisha. Ni kweli hatua kubwa zimepigwa. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi ile ya Kongo orodha ya vitu takriban 84,000. Tarehe 3 Julai mwaka huo ikatungwa sheria inayoruhusu vitu vya enzi za ukoloni vitolewe katika mali ya dola. Juni 2022 Mfalme Philippe aliwasilisha Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku kama azima isiyo na mwisho, katika jumba la taifa lililofunguliwa 2019 kwa fedha za Korea Kusini. Siku chache baadaye alikuwa Bukavu, katika hospitali ya Panzi. Mfalme aliweza kutoka Kinshasa akafika kwetu, lakini vitu vya Kivu havina ratiba kama hiyo. Kwa mwanafunzi wa Ibanda, hapa Bukavu, kitu kilicho Kinshasa kimekaribia kwenye ramani tu. Wakenya walilielewa jambo hili zamani, ndiyo maana makumbusho yao ya taifa yana matawi Lamu, Mombasa na Kisumu, na hayakurundikwa yote Nairobi. Kurudisha bila kupanga njia ya kufika ni kuhamisha ghala.

Wengine watanijibu kwamba siku hizi kuna intaneti, na picha za vitu vingi zinaonekana bure. Jibu hilo lina uzito, ila halitoshi. Bukavu umeme hukatika, vocha za intaneti ni ghali kwa mwanafunzi, na simu nyingi zina kioo kidogo kisichoonyesha mchoro wa patasi. Zaidi ya hapo, tovuti humfaa anayejua tayari anachotafuta. Bibi wa Kamituga hawezi kutafuta kwa Kifaransa au Kiholanzi kitu ambacho yeye anakijua kwa jina la Kirega na kwa wimbo wake. Hata hivyo sikatai teknolojia. Makumbusho yenu yameikabidhi Rwanda, ng'ambo tu ya mto Ruzizi, nakala za kidijitali za rekodi za muziki zaidi ya 4,000. Ikiwa nyimbo ziliweza kuvuka hadi Kigali, Bukavu haiko mbali.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha Kinshasa vitu 114 kutoka Tervuren, na katika ghasia za miaka ya 1990 baadhi ya mali ya makumbusho ya Kinshasa iliibwa na kuuzwa. Je, leo mtu mwenye akili timamu apeleke pembe za ndovu za Bwami katika mji uliotekwa? Hapana, na mimi siombi hivyo. Lakini hofu hiyo inaamua tuanze na nini, haiamui tusianze. Picha kubwa zilizochapishwa, nakala za rekodi na vitabu vya orodha haviwanufaishi wezi wa mali za kale. Tena tukitaja wizi, tuutaje wote. Sanamu ya chifu Lusinga, inayotunzwa kwenu, iliondoka kwenye mwambao wa ziwa Tanganyika baada ya watu wa afisa Mbelgiji Émile Storms kumuua mwenyewe Desemba 1884 na kichwa chake kupelekwa Ubelgiji. Aliyepokea mali ya uporaji hawezi kuutumia uporaji kuwa sababu pekee ya kukaa nayo mbali na wenyewe.

Na kuhusu iwapo Bukavu inafikika, jibu mnalo ndani ya nyumba yenu. Watafiti wenu wa majanga ya ardhi wamefanya kazi kwa miaka na Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu (UOB) na kituo cha utafiti cha CRSN Lwiro, wakipima maporomoko ya vilima vya mji huu, lile la Funu likiwa miongoni mwao. Walipita kwenye njia za matope, wakapanda pikipiki za wamotari, wakaandika tafiti zinazoheshimiwa pamoja na Wakongomani. Lwiro yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, ni ndugu wa taasisi yenu kwa asili. Ikiwa idara yenu ya jiolojia ilipata njia ya kuja kuupima udongo wetu, idara ya utamaduni haina sababu ya kusema njia haipo. Kilichokosekana ni kuihesabu njia hiyo kama wajibu.

Hatimaye wapo wa hapahapa watakaouliza kwa nini tuombe maonyesho wakati watu hawana amani, maji wala barabara. Swali ni la haki, ila anayeulizwa siye. Fedha za makumbusho hazitengenezi bomba la Panzi, na zikibaki Tervuren bomba halitatiririka kwa sababu hiyo. Taasisi yenu ina jukumu moja mahususi, kutunza na kueleza urithi wa Afrika ya Kati, na swali la haki kwake ni kama jukumu hilo linawafikia watu wa Afrika ya Kati.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne. Kwanza, katika bajeti yenu ya kila mwaka liwepo fungu la safari: fedha za kupeleka maonyesho Kivu na kuwaleta wazee na watafiti wa Kivu kwenye maghala yenu, pamoja na barua za mwaliko zinazotolewa mapema kiasi cha kuisaidia viza. Pili, ichapishwe kwa karatasi orodha ya vitu vyote vilivyotoka Kivu Kusini, yenye picha, mahali, mwaka, jina la mkusanyaji na namna alivyokipata kitu, kwa Kifaransa na Kiswahili, na nakala zake ziwekwe UOB, chuo cha ualimu cha ISP Bukavu na Lwiro. Tatu, rekodi za sauti za mkoa huu zikabidhiwe vyuo hivyo na redio za mji, Radio Maendeleo ikiwemo, kwa maana redio inafika Shabunda bila kuuliza hali ya barabara. Nne, maonyesho ya kwanza ya picha yapangwe kwa kuangalia miguu ya watu kabla ya uzuri wa ukumbi: yawe Kadutu karibu na soko, na Nyawera, mahali ambapo mwanafunzi anafika kwa miguu au kwa nauli ya pikipiki moja, kisha yapelekwe kisiwa cha Idjwi kwa boti. Kuyaweka katika jumba tulivu kwenye rasi ya Muhumba kungewaita walewale wanaoitwa daima.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya au kibali cha kuhamisha umiliki. Wizara ya Kinshasa, ninayoipelekea nakala, inaweza kuyakubali bila kupunguza dai lake la kurudishiwa vitu vyenyewe, dai ambalo mimi pia naliunga mkono. Leopold wa Pili aliona kwamba ili Wabelgiji waamini maonyesho yake ilibidi awajengee reli. Nawaombeni mtutendee jambo hilo sisi ambao vitu vilitoka kwetu, kwa kiwango kinachowezekana mwaka huu, na mtujibu hadharani, kama barua hii ilivyo ya hadharani, ni lipi kati ya manne mtaanza nalo na lini.

Wenu katika kazi ya urithi,

Mkazi wa Bukavu