Hitimisho Halipimwi kwa Rula

Kumezuka katika madarasa yetu amri ambayo hakuna ajuaye ilitungwa na nani, nayo inatiiwa kuliko sheria ya nchi: kwamba hitimisho la insha ya Kiingereza sharti liwe sehemu ya kumi ya insha nzima. Insha ya maneno 500, hitimisho maneno 50. Ya maneno 600, maneno 60. Mwanafunzi huhesabu kwa kidole, akipungukiwa huongeza, na mwalimu naye husahihisha kwa kipimo hicho hicho. Sasa amri hiyo imevuka mpaka na kuingia katika insha ya Kiswahili. Sisi tunaikataa, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, waliotupa amri hiyo hawakubaliani wao kwa wao. Miongozo ya vyuo vya Uingereza mara nyingi hutaja sehemu ya kumi ya maneno. Shule za Marekani zimezoea insha ya aya tano: moja ya utangulizi, tatu za kiini, moja ya hitimisho, mwanafunzi akizilinganisha aya zake, hitimisho limekuwa sehemu ya tano. Wenzetu wa Burundi na Kongo waliofunzwa kwa Kifaransa huagizwa hitimisho lijibu swali, kisha lifungue swali jingine lililo pana zaidi. Jambo hilo mwalimu wa Kiingereza hulipigia mstari mwekundu akisema, usilete hoja mpya mwishoni. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kushika Kiingereza mahali pa Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia. Je, akili za watoto wa Rwanda zilibadilika siku hiyo, hata fikira zao zikahitaji mwisho wa namna nyingine? Hasha. Kilichobadilika ni desturi. Na desturi yapasa ifundishwe kama desturi, isihubiriwe kama kweli ya milele.

Pili, mabingwa wa Kiingereza wenyewe hawakuifuata. Mwaka 1729 Jonathan Swift aliandika insha ya kejeli akipendekeza watoto wa maskini wa Ayalandi wauzwe wawe kitoweo cha matajiri. Aya yake ya mwisho haifiki hata sehemu ya ishirini ya insha, wala haikariri hoja zilizotangulia. Msemaji wake anaapa tu kwamba hatafuti faida yake mwenyewe, maana mtoto wake mdogo ana miaka tisa na mkewe amekwisha kupita umri wa kuzaa. Kwa maneno hayo machache kejeli yote inatimia. Mwanafunzi wetu akifanya hivyo leo, tunamkata alama.

Wala jambo hili si geni kwetu Waswahili. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, aliufunga kwa dua, akataja idadi ya beti na tarehe. Kila neno pale mwishoni lina kazi yake. Hata mnakili akiangusha ubeti, hesabu humfichua.

Hatusemi haya kama watu wasio na hatia. Miaka kadhaa iliyopita tuliwapa wanafunzi wetu mada hii: je, shule za bweni ni bora kuliko shule za kutwa? Mmoja alipima hoja za pande zote mbili kwa makini, akafunga kwa sentensi moja: "Basi mtoto atokaye mbali apewe bweni, na yule aliye jirani na shule abaki kwa wazazi wake." Tukamkata alama mbili, tukaandika pembeni: hitimisho fupi mno. Mwenzake alijaza mistari sita iliyoanza kwa "Kwa kumalizia, kama nilivyokwisha kusema hapo juu", akakariri faida, akakariri hasara, asiseme anachagua lipi. Huyo tukampa alama zote. Yule wa kwanza akatujia na daftari lake mkononi, akauliza, "Mwalimu, nimeacha kusema nini?" Hatukuwa na jibu siku ile, na hata leo hatunalo.

Hapo ndipo hasara ilipo. Mtoto aliyekuwa amefikiri hadi mwisho alifunzwa na sisi kwamba kufikiri si kitu, kujaza ndiko kitu. Na tukimfunza hivyo kwa miaka sita, tusishangae akiwa mtu mzima akisimama mkutanini na kusema mengi bila kuamua neno.

Watatuambia wenzetu kwamba mwanafunzi dhaifu asipopewa kipimo atapotea, na kwamba mtahini hana huruma. Tunakubali kuwa mwanagenzi huhitaji mkongojo. Basi na aambiwe kuwa kwa kawaida hitimisho halizidi sehemu ya kumi, ili asije akaanza insha ya pili ndani ya ile ya kwanza. Huo uwe mpaka asiouvuka ovyo, usiwe debe ambalo ni lazima alijaze. Na mtihani ukitaja idadi ya mistari, aifuate. Lakini madaftari ya kila wiki tunayasahihisha sisi wenyewe, na humo hatuna wa kumsingizia.

Kipimo tunachokipendekeza ni chepesi. Mwalimu alifunike hitimisho kwa kiganja, aisome insha bila hilo. Akiona hakupungukiwa na kitu, hitimisho lile halistahili hata mstari mmoja, lingawa na maneno 60 kamili. Akijikuta anauliza, "Kwa hiyo?", basi alifunue aone kama limejibu. Likiwa limejibu, alama ni haki ya mwandishi, hata kama ametumia sentensi moja tu.

Walimu wenzetu, madaftari ya muhula ujao yatakapofika mezani, tuanze kwa kiganja, rula tuiache mkobani.