Kontena ni nyumba ya mzigo, si nyumba ya mtu

KAMINA, Haut-Lomami – Mlango wa kontena la meli hauna mkono upande wa ndani. Vyuma vyote vya kufungia viko nje: nondo ndefu zilizosimama, vipini vyake, na mahali pa kutia kufuli. Aliye ndani hawezi kujifungulia. Fundi hakusahau kitu. Alitengeneza sanduku la kuvusha mchele, chumvi na nguo ng'ambo ya bahari, na gunia la mchele haliombi kutoka.

Jambo hilo peke yake lingetosha kumaliza ubishi unaorudi kila mara familia zenye kukimbia vita zinapofika katika jimbo. Haut-Lomami imepokea watu waliotoka Kasai tangu machafuko ya 2016 na 2017, imepokea pia waliokimbia mapigano ya Tanganyika, na kila mara swali ni lilelile: watalala wapi? Kuna wenye kujibu haraka: "Mvua inawapiga watu chini ya bashi. Waletewe makontena. Kontena ni chuma, halivuji, mwizi haingii, na linafika likiwa tayari."

Wenye kusema hivyo si watu wabaya. Wameona makontena ya zamani yaliyogeuzwa kuwa duka, depo au ofisi, wakafikiri kwamba kinachofaa kwa mali kinafaa pia kwa watoto. Lakini wanakosea, na kosa hilo linaweza kuua.

Sanduku lilivyotengenezwa

Kontena si kitu cha zamani sana. Tarehe 26 Aprili 1956, mfanyabiashara wa malori wa Marekani, Malcom McLean, alipakia masanduku 58 ya mizigo juu ya meli iitwayo Ideal X, ikatoka Newark ikaenda Houston. Mwaka huohuo wa 1956, reli ya kutoka Kamina hadi Kabalo ilikamilika. Wazee waliofanya kazi ya reli wanaelewa vizuri alichokitafuta McLean, maana wanajua taabu ya kushusha mzigo gunia kwa gunia na kuupakia tena gunia kwa gunia, huku nusu ikipotea njiani. Yeye alitaka sanduku lifungwe mara moja tu, lihame kutoka lori hadi meli, kutoka meli hadi vagoni, bila mtu kugusa kilicho ndani.

Kwa hiyo kila kipande cha kontena kilipangwa kwa ajili ya safari hiyo. Nguvu yake iko kwenye pembe. Kuna nguzo nne za chuma, na kila pembe, juu na chini, ina kipande kizito chenye matundu. Vipande hivyo ni vinane. Hapo ndipo krini inaposhika, na hapo ndipo sanduku linapofungwa kwenye lori au vagoni. Nguzo hizo zinavumilia ajabu: kwenye makontena mengi kibati cha mlangoni kinaandika kwamba yanaweza kubeba kilo 192,000 juu yao, yakipangwa moja juu ya lingine melini.

Kuta ni habari nyingine. Ni bati la chuma lenye mikunjo kama malata, unene wake karibu milimita 2 tu, au chini ya hapo. Mikunjo ndiyo inayolipa bati nguvu. Ukilikata ovyo ili kupata dirisha, bila kuzungushia fremu ya chuma, umelidhoofisha sanduku zima. Paa nalo ni jepesi: pembe zinabeba mlima, lakini katikati ya paa hapakutengenezwa kubeba udongo wala matofali.

Sakafu mara nyingi ni mbao za tabaka, unene wa milimita 28, zilizotiwa dawa ya kuua wadudu ili wasisafirishwe kutoka nchi moja hadi nyingine. Tena, hakuna anayejua ni nini kilimwagika juu ya mbao hizo kwa miaka kumi au zaidi ya safari: rangi, mafuta, dawa za shamba. Mtoto anayetambaa anaweka mikono hapo, kisha anaitia mdomoni.

Na hewa? Makontena mengi yana vitundu vichache vidogo karibu na paa. Vimewekwa ili joto na baridi visiharibu mzigo. Havikuwekwa kwa ajili ya mapafu ya mtu. Mlango una mpira kuzunguka pande zote ili maji ya bahari yasipite, na mpira unaozuia maji unazuia hewa vilevile.

Familia ikiingia ndani

Kontena dogo, lile la futi 20, lina nafasi ya ndani ya karibu mita 5.9 kwa urefu na mita 2.35 kwa upana. Ni kama mita mraba 14. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada yenyewe yanazitaja kila siku, zinataka kila mtu apate angalau mita mraba 3.5 za kuishi, bila kuhesabu mahali pa kupikia. Hesabu ni rahisi: watu wanne, basi. Ni familia gani ya wakimbizi inayofika Kamina ikiwa na watu wanne? Mama anafika na watoto wake, watoto wa dada yake, na mkwe mzee. Wakiwa saba au wanane, kanuni imevunjwa kabla hawajatandika mkeka.

Halafu kuna jua. Kabla ya mvua za kwanza, chuma kinachopigwa na jua tangu asubuhi kinageuka kuwa tanuru, na hakuna dari wala udongo wa kupunguza joto. Kamina iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi. Hapo pumzi za watu zinapanda, zinagusa paa baridi, zinageuka maji na kudondoka juu ya blanketi. Watu watasema kontena linavuja. Kumbe maji hayo yametoka kwao wenyewe.

Na usiku wa baridi, mama hufanya nini? Anaingiza mbabula ndani. Chini ya bashi lenye matundu, au katika nyumba ya majani, moshi na gesi hupata njia ya kutoka. Ndani ya sanduku lenye mpira mlangoni, haviipati. Makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, monoksidi ya kaboni, ambayo inamlaza mtu usingizi asiamke. Hakuna atakayepiga kelele. Asubuhi majirani watashangaa kwa nini mlango haujafunguliwa.

Ushahidi upo

Hizi si hofu za kubuni. Tarehe 24 Machi 2020, katika jimbo la Tete, Msumbiji, wakuu walisimamisha lori lililotoka Malawi. Ndani ya kontena lake walikuta miili ya watu 64, walioaminika kuwa Waethiopia waliotafuta maisha kusini. Walionusurika walikuwa 14. Ilionekana wamekosa hewa.

Sudan Kusini ni mbaya zaidi, kwa sababu kule si ajali ya safari. Mwezi wa Oktoba 2015, mjini Leer, askari wa serikali waliwafungia wanaume na vijana ndani ya kontena lililokuwa kwenye uwanja wa kanisa katoliki. Shirika la Amnesty International, katika uchunguzi wake uliotoka Machi 2016, liliandika kwamba zaidi ya 60 walikufa kwa kukosa hewa. Kontena hilo halikuletwa pale kama gereza. Lakini sanduku la chuma lenye kufuli nje, likiwa karibu na mwenye bunduki, ni gereza tayari; linangoja tu siku mbaya.

Ndiyo maana suala hili linawagusa zaidi watu waliokimbia. Wanatoka mahali ambapo wengine waliamua nani aishi. Kuwalaza katika chumba ambacho ufunguo wake unabaki kwa mtu wa nje ni kuwarudisha kulekule.

"Lakini Ulaya wanaishi ndani"

Kweli, wanaishi. Mjini Amsterdam, wanafunzi wengi wamekaa kwa miaka katika nyumba za aina hiyo. Lakini zile zilitiwa madirisha, zikawekwa tabaka la kuzuia joto na baridi, choo, umeme, na mlango wa kawaida unaofunguka kutoka ndani. Baada ya kazi yote hiyo, kilichobaki cha kontena ni mifupa tu. Anayeahidi kontena Kamina na aahidi pia hayo yote, kisha aonyeshe bei yake.

Akishaonyesha bei, na aitazame ardhi anayoikanyaga. Kamina kuna udongo, na kuna watu wanaojua kuchoma matofali. Kuna majani, kuna miti, kuna mafundi wasio na kazi. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa zaidi ya kilo 2,000; litoke bandarini Dar es Salaam, Durban au Lobito, lipite mipaka, lipandishwe reli. Vagoni iliyobeba nyumba tupu ni vagoni ambayo haikubeba unga. Makuta hayohayo yakinunua matofali hapa, yanaingia mfukoni mwa mwenye tanuru, wa fundi wa mbao na wa mama anayewapikia bukari. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kontena, anayepona ni mwenye kuuza chuma.

Kila kitu mahali pake

Hakuna anayekataa makontena yasije. Yaje, tena mengi, na ndani yawe na unga, maharage, mafuta, dawa na vitabu vya shule. Yakishafika, yageuzwe kuwa depo ya chakula, yainuliwe juu ya mawe ili kutu isile chini, na mizigo isigusane na kuta zenye kutoa jasho. Hiyo ndiyo kazi sanduku hili linaiweza kuliko nyumba yoyote.

Lakini wakuu wa jimbo, machifu wa kartie na mashirika waandike sheria moja fupi: hakuna mtu atakayelazwa wala kufungiwa ndani ya kontena ambalo halijatolewa nondo za nje, halijatiwa mlango unaofunguka kutoka ndani, halina madirisha mawili yanayotazamana, na ambalo sakafu yake ya zamani haijabadilishwa. Kibati cha mlangoni kisomwe: kinasema mwaka wa kutengenezwa, na mara nyingi dawa iliyotiwa kwenye mbao.

Na familia ambayo tayari imepewa kontena isingoje sheria. Iombe nondo zikatwe leo. Milango ifungwe kwa waya ibaki wazi, watoto wasichezee humo, na mbabula ibaki nje hata usiku wa baridi kali. Afadhali blanketi mbili za kuazima kuliko usiku mmoja wa joto usio na asubuhi.

Gunia la mchele haliombi kutoka. Mtoto ataomba, na lazima mlango uweze kumsikiliza.