Giza la Handeni Halisawazishi Picha

Mpiga picha anayeanza kulenga kamera kwenye nebula na makundi ya nyota kutoka Handeni au Korogwe hukutana na ushauri mwingi, na baadhi yake huharibu kazi ya usiku kucha. Naujibu kwa sababu anga letu la kusini ni hazina.

Wa kwanza ni kwamba porini Handeni hakuna taa, kwa hiyo hakuna cha kusawazisha. Giza la Handeni ni neema, sikatai. Lakini weusi wa kwenye kona za picha hautoki angani. Unatoka kwenye lenzi, ambayo hupitisha mwanga mwingi katikati na mchache pembeni. Anga nalo halina mwanga sawa. Hewa ya juu, kiasi cha kilomita 100 kutoka ardhini, hung'aa yenyewe usiku, na ukitazama karibu na upeo unaipenya kwa mshazari, hivyo unakusanya mng'ao mwingi kuliko utosini. Nasi tupo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta: Wingu Kubwa la Magellan halipandi zaidi ya nyuzi 26 hivi, na Nebula ya Carina huishia kama 35, kwa hiyo tunazipiga karibu na upeo. Ongeza moshi wa matanuri ya mkaa na wa mashamba yanayochomwa kiangazi. Bila taa hata moja, picha itatoka na mteremko wa mwanga, chini peupe na juu peusi. Aliye Korogwe ana taa za mji pia. Akiitaka Carina, asimame kusini mwa mji ili taa zibaki mgongoni.

Wa pili nausikia kwa uchungu: "Nilitumia picha za mwanga sawa, kona zilizokuwa nyeusi zikaanza kung'aa." Picha za mwanga sawa ni zile unazopiga kwenye uso mweupe usio na kitu, ili zionyeshe lenzi inapoteza mwanga wapi, kisha picha ya nyota hugawanywa kwa hizo. Wanaolalamika wameruka hatua moja. Kamera haianzi kuhesabu kutoka sifuri. Canon kadhaa za biti 14 huanzia 2048. Tuseme nebula inatoa 1000 katikati, na kona inapata asilimia 60 ya mwanga. Kamera itaandika 3048 katikati na 2648 kwenye kona. Ukigawanya ile ya kona kwa 0.6 moja kwa moja unapata 4413, na hapo ndipo kona inapowaka. Toa 2048 kwanza: zinabaki 1000 na 600, na 600 ikigawanywa kwa 0.6 ni 1000 kamili. Kinachotoa kile kianzio ni picha za giza, zinazopigwa lenzi ikiwa imefunikwa, kwa ISO ileile na muda uleule. Picha za mwanga sawa nazo zitolewe kianzio chao. Hazikuharibu chochote, zilitumika kabla ya zamu yao.

Wengine husema picha za giza za msimu uliopita zinatosha. Kwa kamera isiyo na kipoozeo, hapana. Ishara inayozalishwa na joto kwenye sensa huongezeka maradufu kwa kila nyuzi joto 6 hivi, na usiku wa Julai si sawa na wa Februari.

Kisha kuna wanaoiachia programu kila kitu. Siril na GraXpert ni za bure na nzuri mno kwa kuondoa mteremko wa mwanga. Ila mteremko ni mwanga ulioongezwa, kwa hiyo unatolewa. Weusi wa kona ni mwanga uliopunguzwa kwa uwiano, kwa hiyo unagawanywa. Ukiongeza 400 kwenye kona, nyota ya 1000 iliyosomeka 600 itapona, lakini ile ya 100 iliyosomeka 60 itakuwa 460. Duara la kijivu la chembe ya vumbi la Handeni nalo programu hailijui, na Carina ikijaza fremu nzima, sehemu ya nebula yenyewe hufutwa ikidhaniwa mteremko. Gawanya kwanza, mteremko baadaye, na vidoa ambavyo programu hutumia kupimia anga uviweke mbali na nebula.

Mwisho ni hoja ya gharama, kwamba lazima ununue paneli maalumu ya mwanga. Fulana nyeupe ya pamba inatosha. Alfajiri, kabla hujatenganisha kamera na lenzi wala kugusa fokasi, kwa kuwa vumbi likihama kazi yote imepotea, ivute fulana ikaze mbele ya lenzi, uifunge kwa mpira, elekeza utosini, halafu piga 20 au 30, grafu ya mwanga ikiwa katikati. Kwetu mapambazuko hupita upesi, kama dakika 20, kwa hiyo badilisha kasi ya shata kila baada ya picha chache na uache tundu la lenzi lilivyokuwa. Ukichelewa, skrini nyeupe ya kompyuta nayo inafaa, mradi shata iwe ya taratibu. Ikiwa ya haraka, kumeta kwa skrini huacha michirizi.