Barabarani: Moshi wa ekzosi umeingilia wapi?

Mwisho wa Aprili ni msimu wa kuhama. Tunakabidhi vyumba, tunaazima gari la mjomba, tunasukuma meza ndani mpaka buti linakataa kufungwa, kisha tunalifunga kwa kamba na kushika 401 kuelekea Scarborough. Baada ya muda aliyekaa nyuma anasema kuna harufu ya moshi. Dereva anajibu ni lori la mbele.

Huenda ni kweli, na kujua si kazi. Bonyeza kile kitufe chenye picha ya gari na mshale uliopinda ndani yake, hewa ya nje isiingie. Lori likishapita na harufu ikaisha, ilikuwa ya lori. Ikibaki barabara ikiwa tupu, ni moshi wenu wenyewe.

Swali linalofuata ni harufu inakuja wakati gani. Ikija mkisimama kwenye taa, tena kupitia matundu ya hita, shuku upande wa injini, kwa sababu hewa ya hita huvutwa kutoka chini ya kioo cha mbele, jirani kabisa na injini. Gasketi iliyoharibika pale ekzosi inapofungwa kwenye injini huvujisha moshi. Mara nyingi hulia tik-tik-tik gari likiwashwa likiwa baridi, na sauti hufifia chuma kikipata moto na kutanuka.

Ikija mkiwa kwenye mwendo, tazama nyuma. Gari linalokwenda huacha nyuma yake nafasi yenye shinikizo dogo la hewa, na moshi wa bomba huzunguka humo badala ya kutawanyika. Buti lililofungwa kwa kamba limeufungulia mlango. Hata raba ya buti iliyochakaa inatosha. Kwa hiyo meza ile ivunjwe miguu, au iende safari ya pili kwa gari kubwa zaidi.

Halafu kuna chumvi. Kila majira ya baridi jiji la Toronto huimwaga barabarani, nayo hurukia chini ya gari na kula bomba na sailensa taratibu. Gari linaloanza kunguruma kama pikipiki huenda tayari lina tundu chini ya miguu yenu. Mpango wa Drive Clean, uliokuwa ukipima moshi wa magari madogo hapa Ontario, ulifungwa Aprili 2019, kwa hiyo hakuna tena tarehe ya kukupeleka kupimwa. Ni wewe na pua yako.

(Harufu ya mayai viza ni habari nyingine, na ile tamu kama shira huwa ni maji ya rejeta yanayovuja. Zote ni za fundi, ila si za leo.)

Lakini pua ina mpaka wake. Tunachokinusa ni petroli na oili iliyoungua vibaya. Kinachoua ni kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Wazazi wetu wanaijua bila jina hilo: ndiyo sababu tuliambiwa tusilale na jiko la mkaa chumbani. Makaa yakishakuwa mekundu moshi hauonekani tena, watu wakadhani sasa ni salama, wakaliingiza ndani na kufunga madirisha. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kisha usingizi, na ni rahisi kusema ni mafua. Abiria wa nyuma akianza kusinzia na kulalamika kichwa, fungueni madirisha yote, simameni mahali salama, tokeni nje, pigeni 911. Na theluji ikianguka usiku, bomba la ekzosi lifukuliwe kabla ya kuwasha injini.

Kwa fundi, sasa. Ukimwambia "gari linanuka" anaweza kukuuzia manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Mwambie: "Moshi wa ekzosi unaingia ndani nikiwa kwenye mwendo, zaidi kwa nyuma. Linyanyue, utazame bomba linavuja wapi." Walimu wetu wa Mombasa na Unguja, kama huko sailensa ina jina jingine, tuandikieni tulichape toleo lijalo.